Barua ya wazi kwa Wizara ya Nishati, EWURA, TPDC na PBPA: petroli ya Hoima ishukie Mwanza kwa njia ya ziwa

Kwenu waheshimiwa, Waziri wa Nishati pamoja na wakuu wa EWURA (wanaopanga bei kikomo ya mafuta), TPDC (shirika la mafuta la taifa) na PBPA (wakala wa kuagiza mafuta kwa pamoja),

Salaam nyingi kutoka Mwanza. Mimi ni mwenye mitumbwi, navua dagaa, mitumbwi yangu inalala mwalo wa Igombe na kikifika kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, vijana wanaelekea upande wa Ukerewe. Kilichonifanya nikae niandike barua ndefu hivi ni mafuta, na sio bei ya mwezi huu tu maana hiyo malalamiko yake mnayapata kila siku. Naongelea mafuta ghafi ya Uganda yanayokuja kupita Kagera na Geita ndani ya bomba mpaka Tanga, pale yanapakiwa melini yanaondoka, na sisi wa huku ziwani tutaendelea kununua petroli iliyosafishwa mbali huko Uarabuni au India, ikashushwa Dar, ikapanda lori zaidi ya kilomita elfu moja ndo itufikie. Naomba mazungumzo ya kubadilisha hilo yaanze sasa hivi, kabla kile kiwanda cha kusafisha mafuta kinachokuja Kabaale, Hoima, kule Uganda, hakijamaliza kujipangia wateja.

Nianze na lita moja inavyofanya kazi huku kwetu, kwa sababu kwenye taarifa zenu za mafuta nasoma habari za magari, viwanda na migodi, mvuvi simuoni. Mtumbwi unaenda kwa mashine, petroli inachanganywa na oili kwenye dumu kabla ya kutoka, na mkienda mbali au upepo ukiwa wa mbele zinateketea lita nyingi hata kama mtarudi na dagaa wa kujaza ndoo mbili tu. Asubuhi dagaa wakishauzwa kitu cha kwanza kutolewa kwenye hela ni mafuta, kisha chakula na matengenezo, kinachobaki ndo tajiri na wavuvi wanagawana. Kwahiyo petroli ikipanda shilingi mia mbili haimuumi tajiri peke yake, inakatwa moja kwa moja kwenye mgao wa kijana aliyekesha anavuta nyavu, na yeye hana mahali pa kuisukumia hiyo mia mbili maana bei ya dagaa anapangiwa na mnunuzi.

Visiwani ndo kuna shida zaidi. Bei kikomo ya EWURA inasimamiwa sheli, lakini kwenye kambi nyingi za visiwani sheli hakuna, kuna mtu ana madumu ya lita ishirini ameyapanga nyuma ya duka na chupa za maji zimejazwa petroli mbele. Huyo mtu ameyanunua mjini kwa bei ileile kikomo, amelipa boda mpaka mwaloni, amelipia mtumbwi wa abiria, kapoteza kidogo njiani kwa kumwagika na kwa jua, na lazima apate faida yake. Simlaumu hata kidogo, bila yeye tusingevua. Ila mjue kwamba ile namba mnayoitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa wavuvi wengi ni bei ya kuanzia tu.

Na tuliwahi kuumia kwa namna nyingine. Mwaka 2011 mlipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, sababu ilikuwa ya kweli na mimi niliielewa. Lakini dagaa miaka ile tulikuwa tunavua kwa karabai, na karabai zinakunywa mafuta ya taa usiku kucha. Hakuna aliyekuja mwaloni kutuuliza. Leo wengi tumehamia taa za betri na sola ila mpaka kufika hapo kuna watu waliuza mitumbwi. Nalisema hili ili safari hii tuulizwe mapema.

Sasa kwenye bei yenyewe. Huku watu wakisikia redioni kwamba pipa la mafuta ghafi limeshuka wanauliza mbona sheli hamna kilichoshuka, na jibu lake nyie mnalijua lakini acha niliseme ili na wengine wanaosoma walipate. Sisi hatununui mafuta ghafi. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990 kikabaki na kazi ya kuhifadhi, toka hapo nchi inanunua petroli na dizeli ikiwa imeshasafishwa. Bei yetu inaanzia kwenye bei ya bidhaa iliyosafishwa katika soko la Uarabuni, juu yake inakuja premiamu, yani nyongeza ya muuzaji aliyeshinda zabuni ya PBPA, zinakuja gharama za bandari, kodi na tozo, faida ya mwenye depo na mwenye sheli, na mwisho nauli ya lori kuja mkoani. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza pipa la Brent, mafuta ghafi yanayopimia bei ya dunia, lilivuka dola 120, lakini dizeli ilikimbia kuliko hata mafuta ghafi yenyewe kwa sababu viwanda vya kusafisha duniani havikutosheleza, mpaka serikali ikabidi itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni, na kwa hiyo ruzuku nawashukuru mpaka leo. Maana yake ni kwamba anayesafisha, na umbali uliopo kati yake na wewe, vinakugusa mfukoni sawasawa na bei ya pipa.

Nitoke nje ya mada kidogo. Kwenye kila lita kuna tozo ya barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Barabara tunazihitaji, dagaa wakishakauka wanasafiri kwa barabara hizohizo. Lakini lita inayochomwa katikati ya ziwa haijakanyaga barabara yoyote na inalipa tozo ileile. Naomba Wizara ya Nishati ilikalie hili na wenzao wa Fedha na Uvuvi, hata kama itabidi turudishiwe kupitia vyama vya ushirika vya wavuvi ili mtu asije akajifanya mvuvi kumbe ana basi.

Turudi kwenye bomba. Kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, kati ya hizo 1,147 ziko kwenye ardhi yetu, mikoa minane kuanzia Kagera na Geita mpaka Tanga. Likifika kileleni litabeba mapipa 246,000 kwa siku, na pipa moja ni lita 159, yani inakaribia lita milioni 40 kila siku zinapita kusini mwa ziwa letu. Ninaelewa vizuri mafuta yale sio ya Tanzania. Uganda waliyagundua 2006, ni ya kwao pamoja na kampuni wanazochimba nazo. Sisi kupitia TPDC tuna asilimia 15 ya bomba, TotalEnergies ya Ufaransa wana 62, Uganda kupitia shirika lao la mafuta UNOC 15, CNOOC ya China 8. Kila pipa linalipiwa dola 12.77 za kupitishwa, kuna kodi, kuna ajira, na walioko Chongoleani wameona bandari inajengwa. Silipingi bomba. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nataka kanda ya ziwa iwe kwenye huko kupona.

Kuna wenzangu mwaloni wanasema tutobolewe tawi pale Geita tuchukue yetu. Nimejaribu kuwaeleza kwamba hayo mafuta hata ukiyapata huyawezi. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndo maana bomba lote linapashwa moto na kufunikwa yabaki kwenye joto la nyuzi hamsini hivi mpaka baharini. Ukiyatia kwenye mashine umeua mashine. Lazima yapite kwenye kiwanda, yachemshwe yapande kwenye mnara mrefu, gesi itokee juu kabisa, petroli chini yake, halafu mafuta ya taa na ya ndege, halafu dizeli, na mazito ya kutengenezea lami yabaki chini. Na kiwanda kidogo cha kizamani hakidumu. Mombasa walikuwa nacho Changamwe tangu 1963, kikazimwa 2013 kwa sababu petroli iliyokuja kwa meli kutoka viwanda vikubwa ilikuwa na nafuu kuliko yake. Matokeo yake mafuta ghafi ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, yalipoanza kuletwa Mombasa kwa malori, Agosti 2019 meli ikayabeba ghafi kwenda ng'ambo, kiwanda kipo palepale mjini kimelala. Kwahiyo siwaombi kiwanda Mwanza, najua ni mabilioni ya dola na kinaweza kufa kama hivyo.

Kiwanda kinakuja kwa jirani. Machi 2025 Uganda walisaini na Alpha MBM ya Falme za Kiarabu kujenga cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku hapo Kabaale, Hoima, asilimia 60 ya mwekezaji na 40 ya UNOC. Mapipa 60,000 ni lita milioni 9 na nusu za mafuta ghafi kila siku. Kwenye mpango wao kuna bomba lingine, hili la mafuta yaliyokwisha safishwa, kilomita 212 hivi mpaka kwenye depo ya Namwambula wilaya ya Mpigi. Hebu fungueni ramani muitazame Mpigi. Ni wilaya iliyopakana na Ziwa Victoria, ziwa hilihili ninaloliangalia nikiwa naandika. Kutoka ufukwe ule mpaka Mwanza ni maji matupu, hakuna mpaka wa nchi ya tatu, hakuna mlima, hakuna mizani.

Na mafuta kupita ziwani sio jambo jipya. Kenya walijenga gati ya mafuta Kisumu ikakamilika 2018 kwa lengo la kuipelekea Uganda mafuta kwa meli. Sisi MV Umoja inabeba mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell ya Uganda. Njia ipo, kinachokosekana ni mtu wa upande wetu kukaa mezani na kusema kanda ya ziwa ya Tanzania, Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga, yenye migodi inayochoma dizeli usiku na mchana, ni soko, na tunataka tuandikwe.

Nasisitiza kuandikwa kwa sababu ya Nigeria. Wale wanatoa mafuta ghafi mengi na kwa miaka mingi wameagiza petroli kutoka nje. Tajiri wao Dangote akajenga kiwanda cha kusafisha cha mapipa 650,000 kwa siku, kikaanza kazi 2024, watu wakajua sasa shida imeisha, kumbe kiwanda kikawa kinalalamika hakipewi mafuta ghafi ya kutosha ya nyumbani mpaka kikaagiza mengine Marekani. Mafuta yalikuwa yana wenyewe tayari, yameshaahidiwa kwa mikataba ya nje. Oktoba 2024 ndo serikali ikaanza utaratibu wa kukiuzia kwa naira. Kama nchi yenye mafuta yake yenyewe imehangaika hivyo, sisi ambao ni majirani tu tukisubiri kiwanda kiwashwe ndo tuulize, tutakuta foleni ya Rwanda na Kongo iko mbele yetu.

Mtaniambia kwani serikali inaweza vipi kumpangia mwekezaji auze wapi. Waheshimiwa, mmeshafanya, tena hapahapa Mwanza. Mwaka 2021 kilizinduliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa Ilemela. Kikawa hakipati dhahabu ya kutosha maana migodi ilikuwa imezoea kusafirisha nje. Kuanzia Oktoba 2024 mkaanza kuisimamia sheria ya madini inayotaka mwenye leseni atenge angalau asilimia 20 ya dhahabu yake isafishwe na iuzwe ndani ya nchi, Benki Kuu inunue, na wanaouza huko mkawapunguzia mrabaha. Ile asilimia 20 haikumfukuza mtu. Najua dhahabu ni yetu na mafuta ni ya Uganda, kwahiyo hatuwezi kuwatungia sheria, ila tuna kitu cha kuzungumzia: bomba lao linapita kilomita 1,147 za ardhi yetu na TPDC wamekaa kwenye meza ileile na UNOC kama wabia wenye hisa sawa. Isitoshe UNOC ndo waagizaji wa mafuta ya Uganda yote tangu 2024, yani ukitaka kuongea unaongea na mtu mmoja.

Sasa kuna sehemu moja ya mazungumzo hayo ambayo naomba muikazie kuliko zote, na hapa naomba mnisome taratibu. Kiwanda cha Kabaale hakitauza kwa huruma, kitanunua mafuta ghafi kwa bei ya dunia na kitauza kwa bei ya dunia, hilo nalikubali. Hatari ni pale kitakapotazama petroli ya Dar ikifika Mwanza inauzwa shilingi ngapi, kisha kiuze ya kwake chini kwa shilingi tano tu, nauli yote ya meli ya baharini, bandari na lori ambayo hakijailipa kiibakize mfukoni. Hapo petroli itakuwa imetoka jirani na mvuvi hajasikia tofauti. Mkataba useme tangu mwanzo bei inahesabiwa kuanzia mlangoni kwa kiwanda, ikaongezwa nauli halisi ya bomba na meli ya ziwani, na EWURA waichapishe hesabu hiyo kwenye jedwali kama wanavyochapisha ya Dar, Tanga na Mtwara. Leo sisi tunahesabiwa kwa bandari ya Dar, tunalipa shilingi mia na ushee juu ya wanachokilipa watu wa Dar kwa kila lita, na Bukoba wanalipa kuzidi sisi wakati wao ndo wako karibu kabisa na Uganda. Bandari ya ziwa ikiwa mlango wa nne wa mafuta, hilo jedwali linageuka.

Halafu matanki. Kigamboni mnajenga matanki 15 ya kubeba mita za ujazo 378,000, kazi nzuri, meli hazitakaa baharini zikisubiri kushusha huku tunalipishwa. Lakini yote yako pwani. Katikati ya 2023 dola ilipoadimika na mafuta yakawa ya shida, sisi wa mwisho wa barabara ndo tulikuta sheli zimefunga pampu kwa kamba, na mtumbwi wenye dumu tupu hauendi popote hata giza liwe zuri namna gani. Depo ya akiba ijengwe Mwanza, iwe inapokea kwa meli kutoka Uganda na kwa mabehewa ya SGR kutoka Dar, maana kipande cha Mwanza mpaka Isaka kilomita 341 mnakijenga nyie wenyewe, kikiisha mabehewa ya mafuta yafike mpaka kwenye hilo tanki. Tusitegemee mlango mmoja tena. Hata Uganda wakikwama tutakuwa na Dar, Dar wakikwama tutakuwa na ziwa.

Jambo la mwisho ni ziwa lenyewe na hapa nawaomba msije mkaharakisha kwa sababu ya barua kama hii yangu. Sisi maji haya tunayanywa, mji mzima wa Mwanza bomba zake zinavuta ziwani, na samaki wote ni humu humu. Tumezika watu wa MV Bukoba 1996 na wa MV Nyerere 2018, tunajua chombo kibovu kinafanya nini na tunajua kujaza kupita kiasi kunafanya nini. Meli ya mafuta itakayokuja iwe na kuta mbili, kuwe na vifaa vya kuzuia mafuta yasisambae vikae Mwanza na Bukoba sio Dar, njia yake ichorwe mbali na mazalia ya samaki na mbali na tunakotega, na sisi wa BMU, vikundi vya kusimamia mialo, tupewe namba ya kupiga usiku wa manane tukiona kitu hakijakaa sawa. Wavuvi ndo watu pekee ambao wapo kule kila usiku. Kama usalama huo utafanya lita iongezeke shilingi kadhaa, mimi nitailipa.

Kwahiyo naomba TPDC mtuambie kama mmeshaongea na UNOC kuhusu mafuta ya Kabaale kuja kanda ya ziwa au bado. EWURA mtuwekee hadharani, kwa lita moja ya petroli iliyofika Mwanza leo, nauli ya kutoka Dar ni shilingi ngapi, na ingekuwa imetoka Hoima kwa bomba na meli ingekuwa ngapi. Waziri, ukija Mwanza pita mwaloni asubuhi wakati wa mgao, uone mafuta yanavyotolewa kwanza. Na kama jibu la haya yote ni hapana, tunaomba mlete na hesabu iliyolifanya liwe hapana, tuikalie huku Igombe na sisi tuipigie upya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye mitumbwi ya dagaa,
Igombe, Mwanza